Mwambie Mama Yako

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simuni hatuwezani. Dakika ya pili tu kila mmoja anasema "subiri nimalize", na mwisho hakuna anayemaliza.

Mchezo wetu umepokewa! Barua ya kamati yenu ilifika hapa chuoni jana, ina muhuri, na chini kabisa ipo saini yako. Nimeibandika kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi. Vijana wangu walipiga vigelegele mpaka mhasibu akatoka ofisini kwake kuuliza nani kaolewa. Hebu fikiria, chuo kidogo cha ualimu, bati linavuja juu ya jukwaa, leo tunapanda jukwaa moja na vyuo vikuu vitatu, kwenye tamasha la fasihi la ukanda mzima. Na mwaka huu mnaliandaa nyinyi, na katibu ni dada yangu wa tumbo moja. Kama si bahati hiyo, basi sijui bahati inafananaje.

Jina la mchezo unalijua: "Mwambie Mama Yako". Na nadhani ukurasa wa kwanza tu ulikutosha kuijua nyumba yenyewe. Ni ule mwaka Baba na Mama waliponuniana, wakawa hawasemezani ila kupitia kwako. Sikutaja jina la mtu. Baba ni "Baba", Mama ni "Mama", na wewe ni "Binti". Mimi sijajiweka kabisa. Nilikuwa mdogo mno, kazi yangu ilikuwa kulala.

Ombi langu moja tu: tupewe ukumbi mkubwa, siku ya ufunguzi. Vijana wanastahili.

Umeusoma? Umekaa kimya mno, na wewe si mtu wa kimya.

Mdogo wako,
Kitinda

11 Machi

Kitinda,

Marahaba. Hongera sana, wewe na vijana wako.

Kimya changu ni cha kazi. Laiti ungeiona kamati hii. Wiki nzima tumegombana kama jina la chuo chetu litangulie kwenye bango kwa kuwa sisi ndio wenyeji, au tufuate alfabeti. Mjumbe wa chuo cha pili akasema alfabeti inawapendelea watu fulani. Nikamuuliza, alfabeti? Akasema ndiyo, alfabeti. Bado hatujapata mashuka ya bweni la wageni, na mshairi mmoja ameandika kuwa halali chumba kinachoelekea barabarani, wala kinachoelekea msituni. Sina chumba kinachoelekea juu.

Kuhusu mchezo, kamati inaona ni mrefu. Tunaomba muupunguze uwe wa nusu saa. Si mimi, ni kamati. Nadhani ile sehemu ya mezani, Binti anapokwenda na kurudi, inaweza kutoka bila kuharibu kitu. Inajirudia mno.

Ukumbi mkubwa nitauombea, ila sikuahidi.

Nimeusoma harakaharaka tu. Nitausoma vizuri nikipata nafasi.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Nusu saa! Mchezo wa saa moja na robo! Hiyo kamati yako inapunguza mchezo au inanyoa kondoo?

Sawa. Nimekata. Nimekata sherehe ya shule, nimekata jirani mmbea, ingawa aliyemwigiza alilia kweli. Lakini mezani sikati. Bila meza hakuna mchezo. Ngoja nikueleze, maana inaonekana ulisoma huku ukitafuta mashuka.

Jukwaa limegawanywa na pazia. Upande huu Baba yuko mezani, upande ule Mama yuko jikoni. Baba, anayeigizwa na kijana tunayemwita Bonge, anaonja chai na kusema bila kuinua macho: "Mwambie mama yako chai hii hata mbwa hanywi." Binti anakwenda upande wa pili. Anasimama kidogo. Anasema, "Baba anasema chai nzuri, ila leo angependa iwe ya moto zaidi." Mama anafuta mikono: "Mwambie baba yako kama anataka ya moto akakae jikoni mwenyewe." Binti anarudi. "Mama anasema samahani, anakupashia." Na hivyo hivyo mpaka wale wawili wanaishi kwenye ndoa tamu ambayo haipo popote ila mdomoni mwa mtoto.

Watu wanacheka, Dada. Wanacheka kisha wananyamaza ghafla. Nimefundisha maigizo miaka yote hii nikikitafuta kitu hicho.

Anayemwigiza Binti tunamwita Kinanda, kwa sababu hanyamazi. Juzi alinyamaza. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini anadanganya? Anaogopa kupigwa?" Nikasema hapana, hakuna aliyepigwa nyumbani kwetu. "Sasa kwa nini?" Nimeandika mchezo mzima na sina jibu. Wewe unalo?

Kitinda

27 Machi

Kitinda,

Sina habari nzuri, na naomba usinifokee mimi.

Ukumbi mkubwa umechukuliwa siku zote. Mmepangiwa darasa la jengo la sayansi, Jumamosi asubuhi. Lina mwanga mzuri. Meza za maabara zimegongomewa sakafuni lakini katikati pana nafasi.

Nitakuambia na sababu. Mkuu wa Kitivo hajaupenda mchezo. Unajua yeye alifundishwa na Baba darasa la tano. Mpaka leo hasemi jina la Baba ameketi. Anasema kila alicho nacho alikipata kwa Mwalimu Mkuu. Mtu kama huyo umwekee Baba jukwaani akisema chai haifai kwa mbwa? Ameona ni utovu wa adabu. Nimejaribu kukutetea.

Mbona usilete ule mchezo wako wa wapiga kura? Ule unachekesha na hauumizi mtu. Nikipata jibu lako wiki hii nitaubadilisha kwenye ratiba bila kelele.

Swali la Kinanda mwambie ni mchezo tu.

Na tafadhali, Mama asiambiwe lolote kuhusu hili. Presha yake haitaki mambo.

Dada yako

2 Aprili

Kwa Katibu wa Kamati ya Maandalizi,

Nilimpigia simu Mkuu wa Kitivo. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nilikuwa nimekunywa maji glasi nzima.

Nilimwambia, "Mzee, shikamoo, mimi ni binti mdogo wa Mwalimu Mkuu. Nasikia mchezo wangu umekuudhi." Akasema, "Umeniudhi? Mimi ndiye niliyesema ufungue tamasha! Nikaambiwa na dada yako kwamba nyinyi wenyewe mmeomba nusu saa." Nikamuuliza kuhusu ukumbi. Akasema, "Dada yako alisema mnataka mahali padogo, hamjazoea watu wengi." Halafu akaongeza, masikini, kwa sauti ya upole, "Mwanangu, kuna tatizo?"

Nikasema hapana. Unaona? Hata mimi nilidanganya, kwa ajili yako.

Kwa hiyo hakuna kamati. Hakuna Mkuu aliyechukia. Ni wewe peke yako, unatoka chumba hiki kuingia chumba kile, na kila unapopita mlango maneno yanabadilika. Nilidhani nimeandika mchezo wa zamani.

Hatuleti wapiga kura. Mtupe darasa, mtupe choo, tutacheza. Na Mama nimemwambia. Presha yake nzima. Aliniuliza kitu kimoja tu: nani anamwigiza yeye, na kama ni mnene.

Kitinda

9 Aprili

Kitinda,

Umemaliza? Sasa nisikilize na usinikatize, maana barua haina "subiri nimalize".

Ndiyo, ni mimi. Nilipunguza muda, nikatafuta darasa, nikamsingizia mzee wa watu. Nilitamani mchezo wako ufe kwa ratiba, kimyakimya, bila mtu kukosana na mtu. Sioni haya kusema hivyo. Haya ninayoiona ni ile unayotaka kunivalisha mbele ya watu ninaofanya nao kazi.

Unasema watu wanacheka. Wewe ulikuwa umelala! Hukuwepo. Umeokota vipande nilivyokusimulia mimi mwenyewe, siku ile tukiwa tumefurahi, ukaenda kuvishonea kichekesho. Hukuniuliza hata siku moja. Kinanda, mtoto wa watu asiyenijua, ndiye aliyeuliza.

Mwambie hivi. Ujumbe wa kwanza niliupeleka ulivyo. Baba alisema, "Mwambie mama yako najuta siku niliyomwoa." Nilikuwa mtoto mtiifu, nikaenda nikasema neno kwa neno, kama shairi la shule. Mama alikuwa anachambua maharage. Alikaa sakafuni. Hakulia, hakuongea, alikaa tu na sinia mapajani mpaka giza likaingia, nami nimesimama pale nikidhani nimemuua. Kesho yake Baba alipofungua mdomo, nilijua la kufanya. Haukuwa uongo. Ilikuwa kazi. Nilikuwa narudi nyumbani mbio kutoka shuleni ili nisikose kuwepo, maana nikichelewa watabaki wawili bila mtu wa kati. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba. Mimi nilikuwa natunga sentensi.

Na kazi hiyo haikuisha, kama ulivyogundua kwa werevu wako. Unadhani vyuo vitatu vinakaaje meza moja? Yule wa alfabeti alisema sisi ni majuha. Niliwafikishia wenzangu kwamba "anaomba tulitafakari upya". Tamasha hili lote limesimama juu ya mdomo wangu, na hakuna anayejua, na mimi nimechoka, Kitinda. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Nimewarudishia ukumbi mkubwa. Ufunguzi, muda wote, saa moja na robo, na jirani mmbea mrudishe. Lakini sitakuwepo. Wakati huo nitakuwa kituo cha basi nikipokea wageni. Usinibembeleze.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Sibembelezi. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kujitetea, nimezichana.

Ile ya maharage hukuwahi kunisimulia. Ulinisimulia za chai tu, zile za kuchekesha. Ningejua nisingeandika hivi. Au ningeandika, lakini ningekuuliza kwanza. Sijui. Kinanda nilimsomea kipande cha barua yako, unisamehe kwa hilo pia. Kwenye mazoezi ya jioni alisimama kwenye pazia muda mrefu kabla ya kuvuka, Bonge akadhani amesahau maneno.

Mama anakuja nasi kwenye basi la chuo. Ameshashona gauni. Hajui kwamba hutakuwepo, na safari hii simpelekei mtu habari ya mtu. Utamwambia mwenyewe.

Kitinda

29 Aprili

Kwako mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mguu tu. Naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Tamasha lenu limepita na hukuja kuketi nami. Nilikuwekea mkoba wangu kwenye kiti cha pembeni. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia pana mtu. Mara ya mwisho nilimwambia profesa mmoja mwenye kofia, naye akaenda kusimama ukutani mpaka mwisho. Nilikuja kuambiwa na dereva wa basi kwamba ulikuwa kituoni. Siku ya pili ukanisalimia mlangoni mbiombio, umekumbatia makaratasi, ukasema "Mama, nitakuja baadaye". Hukuja.

Basi nakueleza mwenyewe yaliyokuwa.

Yule mkubwa wenu alihutubia mpaka watu wakaanza kujipepea kwa ratiba. Hotuba nzima ni baba yako. Alisema Mwalimu Mkuu ndiye aliyemfundisha kuomba radhi. Kwamba darasani kwake ukimkanyaga mwenzako, unasimama mbele ya wote mpaka useme samahani kwa sauti ya kusikika. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia, ni mume wangu.

Kisha pazia likafunguliwa. Yule kijana mnene alimpatia baba yako vizuri, hasa kukohoa. Mimi wamenipatia binti mrembo kuliko nilivyokuwa, sikulalamika. Umeme ulikatika katikati, wakacheza gizani mpaka ukarudi, hakuna aliyetoka. Mdogo wako alikuwa amejificha nyuma akiuma kucha. Watu walicheka sana, kisha hawakucheka.

Mkubwa wenu alikuja kwangu baadaye. Alishika mkono wangu akasema, "Mama, Mwalimu aliwahi kukuomba radhi?" Nikamwambia, mwanangu, nenda kanywe chai.

Sasa jambo lililonifanya nitafute kalamu. Mdogo wako kaweka pazia zito, na watu wanaona Baba upande huu hajui yanayosemwa upande ule. Mwanangu, ile nyumba ya shule ilikuwa vyumba viwili na ukuta wa mbao. Nilikuwa nasikia baba yako akipiga miayo. Nilisikia kila neno alilokutuma, kabla hujafika. Kisha ulikuwa unaingia na kauso kako na kuniambia "Baba anasema chai nzuri". Baba yako hakusifu chai maishani mwake. Na yeye alikuwa anasikia yangu vilevile. Alijua sijasema samahani. Tulikuwa tunakusikiliza wewe, wote wawili, kila mtu upande wake.

Utauliza kwa nini hatukukuzuia. Nimejiuliza kwenye basi njia nzima. Nadhani tulikuwa tunangoja. Mimi sikuwahi kuambiwa maneno mazuri na baba yako, nikawa nayasikia kwako, nikawa nangoja mengine kesho. Ni tamaa hiyo. Yeye sijui alingoja nini. Hatukuzungumza habari hiyo mpaka anakufa.

Hamjawahi kujua chanzo. Aliuza cherehani yangu bila kuniuliza, apate suti ya kumpokelea mkaguzi. Nikasema sisemi naye mpaka aombe radhi. Yeye akasema hasemi nami mpaka niache kungoja. Ndivyo mwaka ulivyokwenda.

Na uliisha siku ulipoondoka kwenda shule ya bweni. Tulirudi kutoka kukusindikiza, tukaketi, kila mtu chumbani kwake. Kimya. Hakuna wa kutumwa; mdogo wako amelala. Mwisho akasimama mlangoni akasema, "Taa haina mafuta." Nikasema, "Yako kabatini." Hiyo ndiyo radhi niliyopata, nikaichukua hivyo hivyo, nilikuwa nimechoka.

Nilidhani ni vizuri ujue. Kula. Umekonda.

Mama yako

6 Mei

Kitinda,

Mama ameniandikia. Usiniulize kama ninalia, silii. Nimekasirika.

Nimeisoma barua yake ofisini, mezani kuna mabango ya tamasha yaliyobaki na risiti za mashuka, watu wanaingia na kutoka kunipongeza. Wanasema tamasha halijawahi kwenda vizuri kama mwaka huu. Chuo cha pili na cha tatu wameniomba niwe katibu tena mwakani, ni jambo la kwanza waliloafikiana tangu niwajue. Nikawaambia hapana. Wakacheka, wakadhani ni adabu. Nikasema tena hapana, na nikamgeukia yule wa alfabeti nikamwambia, "Na wewe ulituita majuha, nilikusikia." Alikuwa wa kwanza kucheka, sijui kwa aibu au kwa nini. Mkuu wa Kitivo alinitazama kana kwamba nimeota pembe. Kesho yake nilikwenda ofisini kwake nikamweleza yote niliyomsingizia. Hajanijibu mpaka leo. Ananipita kwenye ngazi na kutazama viatu vyake. Huenda akaninyima cheo nilichoomba mwaka huu, na nitakuwa nimekitafuta mwenyewe.

Lakini hayo si kitu. Walikuwa wanasikia, Kitinda! Miezi yote ile. Nimebeba maji kwa pakacha, naziba huku panavuja kule, na wao wamekaa kila mtu upande wake wananitazama nikilowa. Mtu mzima mmoja tu angesema, "Mwanangu, acha, tumesikia, nenda kacheze." Neno moja. Nimekuwa mwema maisha yangu yote kwa kazi ambayo hakuna aliyeihitaji, au waliihitaji na hawakunihurumia, sijui lipi ni baya zaidi. Mama anaandika kama anasimulia habari ya mvua, kisha ananiambia nile!

Mchezo wako sikuuona na najuta, nasema hivyo na ninauma meno. Mkiucheza tena nitanunua tikiti kama watu wengine. Hilo pazia liondoe. Weka mbao.

Jumamosi napanda basi la asubuhi, nakwenda kwa Mama. Sijampelekea salamu wala sitaki umwandae. Nataka kumgombeza, kwa sauti yangu, machoni pake, yaliyo moyoni yatoke kama yalivyo. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Wewe unakaa mtaa wa pili tu kutoka pale. Ukisikia makelele, usije kutuamua.

Dada yako